Vuhovi: Mlango wa vioo unapendeza mchana, ila usiku tuufunge kwa akili

VUHOVI – Ukipita siku hizi kwenye barabara yetu ukitokea upande wa Butembo, utaona namna nyumba zinabadilika. Kuta za udongo na miti zinaondoka polepole, matofali ya kuchoma yanapanda, manjanja mapya yanang'aa. Na mbele ya nyumba mpya, kitu cha kwanza kinachovuta macho ni mlango wenye vioo. Wengine wanaweka vioo viwili virefu kila upande, wengine vidogo sita au nane, wengine kioo kimoja cha maua kisichoonyesha ndani. Fundi wa mbao anaulizwa na kila mteja kama anaweza kutengeneza mlango kama ule ulioonekana mjini Butembo.

Mimi sina shida na uzuri huo. Mtu aliyetoa jasho shambani au kwenye biashara ana haki ya kujenga nyumba inayompendeza. Lakini tunaishi katika usultani wa Bashu, wilayani Beni, sehemu ambayo neno "usalama mdogo" linatajwa kwenye redio karibu kila juma. Kwa hiyo ninaomba tuzungumze juu ya mlango huu bila kuoneana haya. Maoni yangu ni haya: tusikatae vioo, ila tuache kujenga milango inayomsaidia mwizi kuingia, na pia tuache kutengeneza vyuma vinavyowafungia watoto wetu ndani siku ya hatari. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na wengi wetu tunafikiria la kwanza tu.

Tuanze na sababu ya watu kupenda vioo. Wakaaji wengi wa hapa hawana umeme wa uhakika. Nyumba ikiwa na madirisha madogo kwa ajili ya baridi ya milima yetu, sebule inakuwa giza hata saa sita mchana. Mlango wenye vioo unaleta mwanga bila kulipa senti. Tena unasaidia kuona nani amekuja kabla hujafungua. Kuna pia sababu ya heshima. Kwa wazee wetu mgeni alipokelewa kwenye kyaghanda, penye moto na mazungumzo. Leo kyaghanda zimepungua, mgeni anapokelewa sebuleni, na mlango wa mbele ndio umebeba kazi ya kusema karibu. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha chumba cha nyuma bila sakafu, lakini mlango wa mbele lazima upendeze. Hiyo ninaielewa.

Shida inaanza jua likizama. Fikiria kioo cha kawaida kinachouzwa madukani, cha milimita 3 au 4. Kinavunjika kwa jiwe dogo, na mwizi akikifunika kwanza kwa kitambaa kilicholowa, sauti haiendi mbali. Baada ya hapo hana haja ya kupasua mlango. Anaingiza mkono, anatafuta kitasa, kile wengi tunachokiita seriri, na kama ufunguo umebaki ndani ya tundu lake, anauzungusha kama mwenye nyumba. Mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni ni karibu sentimita 70. Maana yake, kila kitu kilicho ndani ya urefu huo kutoka kwenye kioo ni kama kipo nje tayari. Ufunguo, komeo, kadenasi iliyofungwa na kuachwa na ufunguo wake, vyote.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mlango wa vioo hauombi hata franga moja. Usiku, toa ufunguo kwenye tundu. Utundike kwenye msumari ukutani, hatua mbili au tatu kutoka mlangoni, mahali ambapo mkono unaopita kwenye kioo hauwezi kufika. Msumari uwe uleule kila siku, na kila mtu wa nyumba aujue, hata mtoto wa miaka saba, hata mgeni aliyelala usiku mmoja. Baba asiuweke chini ya mto wake wala mfukoni mwa suruali. Nitarudi kwenye jambo hili chini kidogo, kwa sababu linahusu maisha ya watu.

Jambo la pili ni namna kioo kilivyoshikwa. Angalia mlango wako leo. Kioo kinashikiliwa na vijiti vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kwa misumari midogo, au na mastiki. Kama vijiti hivyo viko upande wa nje, mwizi hana hata sababu ya kuvunja kioo. Kwa kisu cha jikoni atang'oa vijiti, atatoa kioo kizima na kukisimamisha ukutani taratibu, na ninyi mtaamka asubuhi mkiona upepo unaingia. Vijiti viwe upande wa ndani. Fundi mzuri anajua hivyo, lakini fundi anayekimbizwa na mteja anaweka upande ulio rahisi. Unapokwenda kupokea mlango wako, usiangalie rangi peke yake. Geuza mlango, uliza upande gani ni wa nje, kisha tafuta vijiti.

Hapohapo umwambie fundi aache nafasi ndogo, milimita 2 au 3, kati ya kioo na mbao. Sehemu yetu iko kwenye bonde kubwa la ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga pande za Ruwenzori, kwetu na kwa jirani zetu wa Uganda, na watu wengi walikufa. Kioo kilichobanwa sana kinapasuka hata kwa tetemeko dogo, au kwa mbao tu zinapojikunja. Na mbao zinajikunja kweli, hasa mkaratusi uliokatwa juzi na kutengenezwa mlango leo. Mlango wa mbao mbichi baada ya miezi michache unaacha nafasi pembeni, na nafasi hiyo ndiyo mwizi anayoingizia chuma chake.

Jambo la tatu ni antivoli. Wengi wanadhani wakisha kuweka nondo nyuma ya kioo, kazi imekwisha. Nondo zenye nafasi ya sentimita 12 zinamzuia mtu kupita, ni kweli. Lakini hazizuii mkono. Kwa hiyo karibu na kitasa, weka kipande cha bati nene la chuma au wavu wenye matundu madogo kuliko ngumi, kiwe kikubwa kiasi kwamba mkono usifike kwenye kitasa. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi kwa mabaki ya chuma aliyonayo. Na antivoli iwe upande wa ndani wa kioo, ifungwe kwenye ukuta au kwenye fremu kwa vyuma vilivyoingia ndani ya simenti. Antivoli iliyoshikiliwa na skrubu fupi kwenye mbao ni pambo.

Kuna njia nyingine ya bei ndogo ambayo ninaipenda zaidi, na wafanyabiashara wa zamani waliijua kwenye maduka yao: kifuniko cha mbao cha usiku. Mchana kioo kiko wazi na mwanga unaingia. Jioni unafunga nyuma yake ubao mzima au tripleksi nene yenye fremu, unaokaa kwenye vishikio vya chuma na kufungwa kwa ndani. Mwizi akivunja kioo anakuta ubao. Taa yako ya sola haionekani nje, wala televisheni, wala watu waliokaa mezani wakihesabu pesa za kahawa. Hilo la kuonekana tunalidharau sana. Usiku, kioo bila pazia kinamwonyesha mtu aliye gizani kila kitu kilicho ndani, na wewe uliye ndani huoni nje chochote. Anayepanga kuiba hahitaji mpelelezi.

Wanaojenga sasa na wana uwezo kidogo waulize mjini aina za vioo, kwa maana havilingani. Kioo kilichopikwa kwa moto kama cha madirisha ya pembeni ya gari ni kigumu kuliko cha kawaida, lakini kikivunjika kinageuka punje ndogo na tundu linabaki wazi lote. Tena hakikatwi baada ya kupikwa, basi usinunue ukifikiri fundi atakipunguza. Kioo cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kama kile cha mbele ya gari, kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana. Aliyekigundua ni Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyekiandikisha mwaka 1909 baada ya kuona chupa ya maabara ikianguka bila kutawanyika. Kwa mlango wa mbele hicho cha tabaka mbili ndicho bora, kwa sababu mwizi atapiga mara nyingi, na kila pigo linaamsha mtu. Kioo chenye waya ndani wengi wanakiona kuwa na nguvu. Kwa kweli waya ule ni kwa ajili ya kukishika pamoja wakati wa moto, haukifanyi kuwa kigumu kupigwa.

Kuhusu vitasa, nitasema kwa kifupi. Vile vya bei ndogo vinavyojaa masokoni vina aina chache tu za funguo, na ufunguo wa nyumba moja unaweza kufungua nyumba ya tatu. Ongeza makomeo mawili, moja juu kabisa na moja chini kabisa, mbali na kioo, sehemu ambayo mlango ni wa mbao au wa bati. Makomeo hayo yasiwe ya ufunguo, yawe ya kuvuta kwa mkono, ili mtu wa ndani ayafungue haraka. Na angalia bawaba. Mlango unaofunguka kwa nje una pini zake nje, na pini ikitolewa mlango unafunguka upande wa pili, hata kama kitasa ni cha dhahabu. Zichomelewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mwizi.

Kwa ajili ya woga, familia nyingi zinafanya nyumba kuwa gereza. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa. Mlango wa nyuma umezibwa kwa matofali, ili kubaki na mlango mmoja tu wa kulinda. Mlango wa mbele una antivoli yenye kadenasi mbili, na funguo anazo baba. Halafu pikipiki, kwa kuwa haiwezi kulala nje, inaingizwa sebuleni na kusimamishwa nyuma ya mlango huohuo, na petroli ndani ya tangi. Katika baadhi ya nyumba kuna hata bidoni la petroli ya kuuza kwa chupa. Pembeni kuna jiko la makala lililoingizwa ndani kwa sababu ya baridi, au mshumaa, au betri ya sola iliyounganishwa vibaya.

Ndugu wasomaji, moto ukianza hapo, nani atatoka? Hapa Vuhovi hatuna gari la zimamoto la kungoja. Wanaokuja kuzima ni majirani wenye ndoo, na mbele ya nondo nao watashindwa. Moshi unaua mapema kuliko moto wenyewe. Kwa dakika chache mtu aliyelala hawezi tena kupumua wala kuona, na hapo ndipo tunamtaka atafute funguo ya kadenasi gizani, nyuma ya pikipiki inayowaka.

Kuna wanaojibu kwamba moto ni wa mara moja kwa miaka, ila wezi ni wa kila usiku, na hivyo afadhali kujifungia. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Mtu aliyeibiwa mtaji wake wote hawezi kuambiwa asiogope. Lakini hatuombwi kuchagua kimoja. Dirisha moja la chumba cha kulala linaweza kuwa na antivoli yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani kwa komeo lisilofikiwa kutoka nje. Mlango wa nyuma unaweza kubaki, wa mbao nzito bila kioo, wenye makomeo mawili ya kuvuta. Pikipiki inaweza kusimama ubavuni mwa sebule ikiacha njia ya mtu kupita, na bidoni la petroli lisilale kabisa ndani ya nyumba ya watu. Ufunguo ukikaa kwenye msumari unaojulikana, mwizi haufikii na mtoto anaufikia. Gharama ya mambo haya yote haifiki bei ya simu nzuri.

Nyumba ambayo kila chumba cha kulala hakina njia mbili za kutokea, mimi ninaiona kuwa haijamalizika, hata kama mbele ina vioo vya Dubai.

Na hapa Bashu tuna sababu nyingine ya kutaka njia ya pili. Oktoba 2022 Maboya ilishambuliwa usiku, na kituo cha afya kikachomwa. Machi 2023 ilikuwa Mukondi, ambako watu zaidi ya thelathini waliuawa. Watu waliofanya yale hawakuja kuiba televisheni. Mbele ya watu kama hao, mlango wa vioo, wa mbao au wa chuma si kitu, na nisingependa msomaji amalize makala hii akidhani kitasa kinaweza kumlinda dhidi ya wauaji wenye bunduki na mapanga. Kazi hiyo ni ya serkali na jeshi. Mlango mzuri unachoweza kutoa ni dakika. Dakika tano za kuamka, kuchukua watoto na kupita nyuma kuelekea migombani. Kama nyuma pamezibwa kwa matofali, dakika hizo hazina kazi yoyote. Kwa hiyo mtu anayeogopa waasi na akaziba mlango wa nyuma amejifungia njia aliyokuwa anaihitaji zaidi.

Najua wengine watasema tuiachie polisi na sheria habari za wezi. Nawakumbusha mambo ambayo sote tuliyasikia. Tarehe 11 Juni 2017 gereza la Kangbayi mjini Beni lilivunjwa, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza lilelile likavunjwa tena, wakatoroka zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya gereza la Kakwangura mjini Butembo, wakatoka zaidi ya 800. Miongoni mwao walikuwamo waasi, walikuwamo wezi wa nyumba, na walikuwamo pia watu wasio na kosa waliokuwa wakingoja hukumu kwa miaka. Sisemi hivyo ili kudharau polisi wetu, ambao ni wachache na hawana vifaa. Ninasema kwamba usiku, kabla ya mtu yeyote kufika, wewe na jirani yako ndio mliopo.

Hapo kuna swali moja ambalo wasikilizaji wetu wanauliza mara nyingi: mtu akibisha usiku na kusema ni mwanajeshi wa doria, nifanye nini? Si swali rahisi. Ibara ya 29 ya Katiba yetu ya 2006 inasema makao ya mtu hayaingiliwi, isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na amri ya rais imewapa wakubwa wa kijeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Kwa hiyo raia hawezi kusema tu kwamba usiku hafungui. Na wezi wanajua hilo. Wanavaa nguo za kijeshi, wanabisha kwa sauti kubwa, na mtu anafungua kwa woga kuliko kwa utii.

Maoni yangu kwa wenye madaraka, kuanzia kwa muwakilishi wa sultani hadi kwa mkubwa wa kikosi cha hapa: kila upekuzi wa usiku uwe pamoja na chifu wa kijiji au mkubwa wa nyumba kumi, mtu ambaye sauti yake inajulikana. Abishe yeye, aseme jina lake, aite mwenye nyumba kwa jina. Mwanajeshi wa kweli hapotezi kitu kwa kungoja dakika mbili, tena anapata ushirikiano wa raia. Mwizi hawezi kuja na chifu. Jambo hilo moja, likitangazwa kwenye makanisa na kwenye redio na likafuatwa, litalinda nyumba nyingi kuliko kadenasi mia. Na raia naye afanye sehemu yake: aitike akiwa bado amefunga, aulize ni nani, aangalie kwenye tundu dogo au pembeni ya pazia bila kusimama mbele ya kioo. Mtu anayesimama mbele ya kioo na taa nyuma yake anaonekana kama picha.

Baada ya hapo ni majirani. Tunajua sauti ya sufuria na filimbi usiku. Nyumba moja ikianza kupiga, ya pili inapokea, na katika dakika chache mlima mzima unaita. Mwizi anayesikia hivyo anajua watu wameamka. Lakini hiyo inafanya kazi tu kama kila nyumba inaitika. Kuna wenye nyumba nzuri za vioo na ukuta mrefu ambao siku hizi hawaitiki, wanaona kwamba wao wamekwisha kujilinda. Siku kioo chao kitakapovunjika, watataka nani apige sufuria? Ukuta mrefu unamficha mwizi pia akisha kuingia. Jirani asiyeona mlango wako hawezi kuulinda.

Sitamaliza bila kusema juu ya wapangaji. Vuhovi imepokea familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao, na wengi wamekodi nyumba au chumba. Mara nyingi wanapewa mlango ambao kioo kimoja kimevunjika tangu zamani na kuzibwa kwa katoni, na kitasa ambacho wapangaji watatu waliotangulia wana ufunguo wake. Mwenye nyumba anapokea pesa ya mwezi na kusema kila mtu ajilinde. Hiyo si haki. Mlango ni sehemu ya nyumba unayokodisha, kama manjanja. Kabla ya mpangaji mpya kuingia, badilisha kitasa, rudisha kioo au weka ubao mzima mahali pake. Na wewe mpangaji, kabla ya kutoa pesa za miezi mitatu ya kwanza, funga mlango, ukae ndani, na utazame: mkono ukipita hapa, unafika wapi? Andikeni kwenye karatasi ya mapatano nani anatengeneza nini. Mbele ya chifu, karatasi hiyo ina nguvu kuliko maneno.

Na mafundi wetu, wa mbao na wa vyuma, ninawaomba jambo moja. Ninyi mnaingia katika kila nyumba. Mteja anawaeleza mlango anaoutaka, lakini hajui vijiti vinakaa upande gani, wala kwamba nondo hazizuii mkono. Mwambieni. Mteja akiomba madirisha yote yachomelewe, mwulizeni watoto wanalala wapi na watatokea wapi. Anaweza kukasirika kidogo siku hiyo. Kanisani, shuleni, kwenye vikao vya vijana, mafundi wangeitwa nusu saa tu waonyeshe haya kwa mlango wa kweli, tungejifunza zaidi kuliko kwa hotuba.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja afanye mambo manne. Atoe ufunguo kwenye tundu na kuutundika kwenye msumari. Avute pazia au afunge ubao. Asogeze pikipiki iache njia. Halafu awaambie watoto, kwa taa ikiwa imezimwa, watafute ufunguo na njia ya nyuma kwa mikono yao. Kama mtoto ameshindwa kufika nje, basi kesho asubuhi kuna kazi ya kufanya kwenye nyumba hiyo, na isingoje mavuno.

Kutoka Vuhovi, mwandishi wenu wa redio.